Jiwe Namba Thelathini na Moja

Katika wanaume wote walioumbwa kati ya Kilimanjaro na Usambara, hakuna aliyewahi kuwa na tezi dume safi kama ya Elisaria Urassa. Usiniulize mimi nimejuaje. Muulize mwenyewe, atakueleza kabla hujamaliza swali, na kama una dakika kumi za kupoteza atakuchorea na picha.

"Miaka arobaini na nane," aliwaambia wageni Jumatano ile asubuhi, akijipiga kifuani kana kwamba tezi yenyewe inakaa huko, "na bado nakojoa kama bomba la zimamoto. Mzee wangu aliniachia vitu viwili tu, jina na tezi. Jina mnaweza kulisahau."

Wageni wakacheka. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na kituo chake, kuanzia Lindi mpaka Kigoma. Walikuwa wamefika Same kwa treni ya umeme, wakapanda kiberenge cha waya mpaka huku juu mlimani, Kituo cha Tezi cha Mabonde Saba, kwa jambo moja tu. Jumamosi wangekabidhiwa nakala za Mawe ya Nyumbani waende nazo makwao.

Mawe yenyewe yalikuwa ndani ya Mizani, na Mizani ilikuwa nyuma ya Elisaria, mashine yenye ukubwa wa friji ya baa, taa tatu usoni. Yeye ndiye fundi wake. Watu walimwita Fundi, naye aliitikia kama mtu anayeitwa Mheshimiwa.

"Haina uchawi," alisema, akiigonga ubavuni. "Mwanamume anakuja, anakunywa kikombe cha haya maziwa." Akainua chupa ya dawa nyeupe, nzito kama uji. "Ndani mna chembe ndogo ndogo zinazokwenda mpaka kwenye tezi, zinashikana na seli zinazobanduka, zinatoka nazo. Baada ya saa mbili anajaza kopo. Hakuna kidole, hakuna sindano. Jamani, kidole kile kilikimbiza wanaume wengi kuliko simba!"

"Halafu?" aliuliza mgeni wa Lindi, mama mmoja mwenye miwani na kalamu.

"Halafu inapima kama anavyopima muuza nyanya. Upande huu unaweka cha mgonjwa, upande huu unaweka jiwe. Jiwe ni seli za mwanamume mzima. Vikilingana, kijani, ugonjwa hakuna au umelala. Njano, tuendelee kumtazama. Nyekundu, kali, akimbie kwa daktari. Kwa hiyo siri yote ni jiwe. Na hapo ndipo walipotuua."

Akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa anajua kusimulia.

"Mashine hizi zilikuja na mawe ya Ulaya. Wanaume wa kule, karibu nusu ya uvimbe wao una jeni mbili zilizokatika zikaungana vibaya. Mizani ikafundishwa kuutafuta muungano huo. Sasa wanaume wetu walio nao ni wachache. Mtu anaoza, mashine inamwambia nenda kalime. Tukalalamika, wakatuletea mawe ya Ng'ambo, ya wajukuu wa waliochukuliwa utumwani. Hayo afadhali. Yalijua kwamba kwao ugonjwa huja mapema na huja na hasira, na kwamba kinga ya mwili huwaka kuuzunguka uvimbe kabla uvimbe haujaonekana. Ule mwako tunauita moshi. Lakini mababu zao walitoka upande wa machweo wa bara hili, wakachanganyika na watu wengine miaka mia nne. Na sisi je? Kisanduku kimoja kimeandikwa 'Mweusi'. Mmasai humo, Msukuma humo, Mjamaika humo. Jamani, mimi na Mpare mtatutia kisanduku kimoja hata kwa bunduki?"

"Kisanduku chenyewe kikiwa na kitu cha kuiba utaingia mwenyewe," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Hiyo ilikuwa ya Sista Nakijwa, muuguzi wa kituo, Mpare wa Mamba. Elisaria ni Mchaga wa Machame, na Mchaga na Mpare ni watani. Maana yake huyu ana ruhusa ya kumtukana yule mpaka msibani, na yule haruhusiwi kununa.

"Karibu, mtani! Nilikuwa nafika kwenu." Elisaria akawageukia wageni. "Tukaamua kutengeneza mawe yetu wenyewe. Wanaume wazima arobaini wa hapa hapa. Si ndiyo Wapare wakapeleka mkojo mahakamani!"

"Mkojo?" Kalamu ya mgeni wa Lindi ilisimama.

"Kuna mzee anaitwa Kiondo Mgonja. Alikuwa mtu wa reli. Akaisoma ile fomu mpaka ukurasa wa sita, ambao hata aliyeiandika hakuusoma, akagundua haisemi mkojo ni mali ya nani ukishapimwa. Akakusanya wenzake kumi na sita, wakatushtaki baraza la kata. Miezi minane! Na wakashinda. Kila mmoja akarudishiwa kopo lake mkononi, limefungwa kwa lakiri. Kumi na saba katika arobaini."

"Mkafanyaje sasa?"

"Hatukufanya kitu. Walirudi wenyewe!" Elisaria akapunguza sauti kama mtu anayegawa siri. "Mmoja mmoja, mlango wa nyuma, kwa aibu. Niliwapokea kwa mikono hii. Ndiyo maana mawe yana namba tu, majina hatutaji."

"Wote kumi na saba?" Nakijwa aliuliza. Yeye alikuja kituoni hapo baadaye, miaka mitatu tu iliyopita.

"Wote. Na tangu hapo, wanaume elfu sita mia mbili na nne. Makosa, sifuri."

Akasema sifuri ile polepole, akaizungusha mdomoni kama pipi. Ingedumu mpaka saa nane mchana.

*

Saa nane mchana Nakijwa aliingia bila kubisha, akaweka picha ya mifupa juu ya meza ya Elisaria, akaigonga kwa kidole.

"Mgongo wa Mwalimu."

Mwalimu Msangi ni mumewe. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, anafundisha hesabu, hacheki mpaka jibu litoke sawa. Mwaka huu peke yake alikuwa amepimwa na Mizani mara tatu, na mara tatu taa ilikuwa kijani kama majani ya mgomba.

"Mwalimu alibeba gunia la mahindi, Sista, mimi nilimwona. Nikamwambia mtani, acha, utavunja..."

"Fundi."

Elisaria akaitazama picha. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa na madoa meupe, yamekaa pale kama chokaa iliyomwagika.

"Daktari wa mkoa amesema imetoka kwenye tezi," Nakijwa alisema. Sauti yake ilikuwa imenyooka, kama anavyosoma joto la mgonjwa. "Amesema dawa ya miale itaishika, kwa sababu hatukuchelewa mno. Tumechelewa, ila si mno. Akaniuliza, hamkupima? Nikamwambia tumepima mara tatu, nafanya kazi hapo hapo. Akanitazama, Fundi. Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu aache kulalamika, Mizani imemsafisha."

"Tulipime tena."

Kopo la mwisho la Mwalimu lilikuwa bado kwenye baridi. Elisaria akalipima kwa mawe ya Ulaya. Njano. Akalipima kwa mawe ya Ng'ambo. Nyekundu. Akalipima kwa Mawe ya Nyumbani, yale aliyoyakusanya mwenyewe, ambayo watu kumi na mmoja walikuja kuyashangilia.

Kijani.

"Vumbi," alisema Elisaria haraka. "Kiangazi hiki vumbi linaingia kila mahali. Nitaisafisha."

"Jumamosi mawe haya yanakwenda vituo kumi na kimoja."

"Na leo ni Jumatano. Sista, kwani wewe umewahi kuniona nimeshindwa?"

Nakijwa akaichukua picha yake, akaikunja kwa uangalifu. "Sijawahi," alisema. "Ndicho kinachonitia wasiwasi."

*

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri Elisaria alikuwa ameshafika. Mtu mwingine angeyatoa mawe moja moja, apime, arudishe, mpaka alipate linalodanganya. Yeye hakuhitaji kuhangaika hivyo. Alikaa mbele ya Mizani, akataja namba kumi na saba kwa mpigo, kama mtu anayetaja watoto wake.

"Toa hizo. Baki na ishirini na tatu. Mpime Msangi."

"Nyekundu," ilisema Mizani. "Kali. Moshi mwingi."

Hapa inabidi tumvue Fundi shati, tuone kilichoko ndani.

Walipochukua makopo yao, wale watu kumi na saba hawakurudi. Hata mmoja. Miaka mitano iliyopita zilikuwa zimebaki siku ishirini kufikia tarehe ya mwisho ya wizara, na sharti lilikuwa mawe arobaini. Ukileta thelathini na tisa, Mawe ya Nyumbani yanafutwa na mnarudi kwenye kisanduku kilichoandikwa 'Mweusi'. Elisaria alikuwa na ishirini na tatu. Akajitazama kwenye kioo cha chooni, akaona mwanamume mzima, safi, wa hapa hapa. Sasa kinachotafutwa ni nini, kama si huyu? Akanywa maziwa asubuhi kumi na saba mfululizo, akajaza makopo kumi na saba, akayabandika namba za wale walioondoka. Kwa hesabu zake haukuwa udanganyifu hata kidogo. Ulikuwa ukarimu.

Na huko nje kila mmoja wa wale kumi na saba, aliposikia kwamba mawe yametimia arobaini, aliwaza jambo moja. Wenzangu wamerudi kisirisiri, wameniacha peke yangu. Mpare aliyeshinda kesi haendi kumuuliza mwenzake swali kama hilo. Anaacha tu kumsalimia.

Sasa, alfajiri ile, Elisaria alimimina kikombe cha maziwa, akakinywa chote. Akasubiri saa mbili zake akifagia sakafu ambayo haikuwa na taka. Akajaza kopo, akaandika jina la mwenye nalo: Mgeni.

"Mpime Mgeni. Kwa mawe ishirini na matatu."

Mizani haikuchukua muda.

"Nyekundu. Bado mapema, lakini kali. Moshi mwingi. Mgeni ashauriwe kumwona daktari."

Elisaria aliangalia taa ile kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Halafu akaelewa yote kwa pamoja, na kwa bahati mbaya alikuwa na akili nyepesi, hakuweza kuacha kuelewa. Moshi ule alikuwa nao tangu miaka mitano iliyopita, mwembamba, haujawa ugonjwa. Akautia ndani ya mawe mara kumi na saba. Mizani ikaukuta karibu nusu ya wanaume inaoambiwa ni wazima, ikaamua ule ni moshi wa jikoni tu. Kuanzia siku hiyo kila mwanamume aliyewaka kama Elisaria aliambiwa nyumba yake inapika chai.

Akaiagiza Mizani ipime upya watu wote elfu sita mia mbili na nne. Ilimaliza kabla jua halijagusa dirisha. Wanaume sitini na mmoja walihama kutoka kijani kwenda nyekundu. Ikaandika majina kwenye ukuta, na jina la tisa lilikuwa la Mzee Mbwambo.

Mzee Mbwambo alizikwa mwezi wa nne. Walisema ni mgongo. Elisaria alikwenda kama mtani, akafanya yale watani wanayofanya. Alilala kando ya kaburi akakataa kutoka, akavaa kofia ya marehemu, akapaza sauti mbele ya wafiwa, "Wapare mmeniaibisha! Mashine yangu ilimpitisha huyu, mmemuua nyinyi kwa makande!" Watu walicheka mpaka mjane akafuta machozi ya aina mbili. Walimpa kuku kwa kazi nzuri.

Alikuwa bado anaisoma ile namba tisa Nakijwa alipoingia na mkoba wake.

"Fundi, umenyonya?"

"Nini?"

"Sharubu zako. Nyeupe."

Elisaria akafuta kwa kiganja, haraka. "Uji wa mchele. Sikupata chai nyumbani."

Nakijwa alikuwa ameshaona ukuta. Alisoma majina yote sitini na moja, midomo ikimcheza. La mumewe lilikuwa la thelathini na nne.

"Umepata tatizo," alisema mwishowe.

"Nimelipata. Nilikwambia nitalipata." Na hapo, msomaji, ukimtazama tu ungesema huyu bwana hajawahi kutetereka maishani. "Kuna mawe kumi na saba yameharibika. Ishirini na matatu ni mazima kabisa, wala hayana doa. Tunayatoa mabovu, tunawaita hawa watu Jumamosi hiyo hiyo, tunawapeleka kwenye miale. Wengi tutawawahi, Sista. Hata Mwalimu. Na wageni wanabeba ishirini na matatu, Mizani inapima vizuri kuliko ilivyowahi."

"Yameharibikaje?"

"Joto. Kuhifadhiwa vibaya."

"Na tutawaambia watu hivyo?"

Elisaria akavuta pumzi. Swali ndilo hilo, na alikuwa amelijibu akilini kabla hajaulizwa. Akisema ukweli, watakuja watu wa wizara na kalamu nyekundu, hawatachagua jiwe zuri na bovu. Watafuta yote arobaini. Vituo kumi na kimoja vitarudi kwenye kisanduku cha 'Mweusi', na mtu wa Lindi ataendelea kupimwa kwa jirani wa mtu asiyemjua. Ukweli ungewaua watu. Uongo mdogo, tena wa habari ya jokofu tu, ungewaponya. Aliipanga hesabu hiyo mara tatu na kila mara ilitoka sawa. Aliona tu kwamba kila inapotoka sawa, yeye pia anatoka salama, na hilo hakutaka kulipima.

"Tutawaambia," alisema. "Watu sitini na mmoja tutawaambia kila kitu kuhusu miili yao. Habari ya mawe tutawaambia yanayowatosha."

"Sitini na wawili," alisema Nakijwa.

"Ehe?"

"Pale chini pameandikwa Mgeni. Nyekundu. Huyo nani?"

"Mtu wa njiani tu," alisema Elisaria. "Nitamtafuta mwenyewe."

*

Jumamosi ukumbi wa kituo ulijaa mpaka madirishani. Wale sitini na mmoja, waliobaki hai, walikaa mbele na wake zao. Nyuma yao walikaa wageni kumi na mmoja na masanduku yao matupu ya kubebea mawe. Mwalimu Msangi alikuwa pembeni, amekaa wima sana kwa sababu kuinama kulimuuma. Nakijwa alisimama karibu na Mizani, karatasi za miadi ya daktari mkononi.

Elisaria alizungumza kama hajawahi kuzungumza. Aliwaambia wazi kwamba Mizani iliwakosea. Aliwaeleza moshi ni nini, na kwamba kwao ugonjwa huu hauji kwa mlango uleule unaopitia kwa Mzungu, na hata kwa Mmarekani mweusi mlango ni jirani lakini si ule. Aliwaambia dawa ya miale ipo, miadi ipo, kiberenge cha kuwashusha kipo nje. Mwanamume mmoja akauliza kama atapoteza nguvu, Elisaria akamjibu, "Zipi, mtani?" na ukumbi ukacheka cheko la watu waliokuwa wakitetemeka dakika moja iliyopita. Hata Mwalimu alitabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda, na Elisaria alijisikia vizuri kuliko siku zote tatu zilizopita.

"Mtaniuliza kosa ni la nani," alimalizia. "Si la mtu. Mnakumbuka ile kesi? Yale makopo kumi na saba yalirudi kwetu baada ya miezi minane. Yalikaa makabatini, yalikaa uvunguni, yalipigwa joto. Walioyarudisha walikuwa na nia njema, hatuwalaumu. Lakini mkojo wa miezi minane, jamani, hata Mpare hawezi kuuweka vizuri!"

Wakacheka tena. Isipokuwa mzee mmoja, mstari wa tatu, mwenye kofia ya reli na mkoba wa ngozi magotini. Alisimama kwa awamu, kwanza mkongojo, halafu magoti, halafu yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Mgonja!" Elisaria alimwahi. "Mtani, leo unamshtaki nani?"

"Marahaba. Bado sijaamua." Mzee Kiondo Mgonja alikuwa mmoja wa wale sitini na mmoja. Alifungua mkoba. "Umesema makopo yalirudi."

"Tusitaje majina, mtani. Tuliahidiana siri."

"Siri ni yangu, naitoa mwenyewe. Mimi nilikuwa namba thelathini na moja." Akawageukia watu. "Kopo langu nililipokea barazani mbele ya mwenyekiti. Mke wangu akasema mwaga uchafu huo. Nikamwambia, mama, hiki ni kielelezo cha kesi, na kielelezo hakimwagwi, wanaweza kukata rufaa."

Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Akafungua kitambaa pembe moja moja, bila haraka, kama mtu ambaye amesubiri siku hii bila kujua kwamba anaisubiri. Lilikuwa kopo. Kimiminika ndani yake kilikuwa kimekuwa cheusi kama mafuta ya gari. Juu ya kifuniko palikuwa na lakiri nyekundu na muhuri wa baraza la kata. Ubavuni palikuwa na namba.

"Halijafunguliwa," alisema. "Atakaye na alikague."

Mgeni wa Lindi alikuwa ameshainuka, miwani puani. Alilizungusha kopo, akasoma tarehe kwa sauti. Kisha akalirudisha mikononi mwa mzee.

Nyuma kabisa mtu akasema, "Mimi ni ishirini na sita. Langu nililimwaga siku ileile, bondeni. Sikurudi."

"Wewe?" Mwingine akageuka kwa nguvu mpaka kiti kikalia. "Mimi nilijua wewe ndiye wa kwanza kurudi! Miaka mitano nakupita kanisani!"

"Na mimi nilijua ni wewe!"

"Kaeni," alisema Mzee Mgonja, "mtasalimiana baadaye." Akaliweka kopo mezani, mbele ya Elisaria, namba ikimtazama. "Sasa, mtani. Thelathini na moja yangu ni hii hapa. Ndani ya mashine yako mna thelathini na moja nyingine. Ndiyo iliyonipima mimi. Ndiyo iliyompima Mbwambo, na ukamchezea kaburini. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ule ni mkojo wa nani?"

Elisaria alifungua kinywa. Utani ulikuwa pale pale ulimini, wa kwanza na wa akiba.

"Jibu kwanza," alisema mzee. "Utani baadaye."

Nakijwa alikuwa ameacha kuzitazama karatasi zake. Alimtazama Elisaria, macho yakashuka taratibu mpaka juu ya mdomo wake, yakakaa hapo.

Na mkono wa Elisaria ukapanda wenyewe, bila kumuuliza mwenyewe, ukafuta sharubu zilizokuwa kavu kabisa.

"Mgeni wa ukutani," alisema Nakijwa.